Gharama ya kumuuliza mgonjwa wa Mpitimbi anaishije

Mkulima wa mahindi wa Mpitimbi akiandikiwa vidonge vya presha vinavyokojoza, daftari la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, la wagonjwa wa nje hubeba jina lake, umri, jinsi, anakoishi, ugonjwa na dawa. Kwamba tangu mvua zianze amehamia shambani, kwamba siku ya safari ya Songea mjini kidonge hakimezi kwa kuogopa kumsimamisha dereva kila mara, au kwamba nyumbani mwenye kauli ya mwisho ni kaka mkubwa, hayo hayana safu. Mwezi ujao presha iko juu, anaongezewa dozi.

Kompyuta ingeweza kuyabeba hayo kwa bei gani?

Kuhifadhi ni karibu bure. Aya moja fupi kuhusu mtu ni herufi kama elfu moja, yaani kilobaiti moja. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120; maelezo ya wote yangeenea kwenye kadi ya simu ya gigabaiti 64. Zidisha mara kumi kwa ajili ya nakala za akiba, bado si hoja ya kupeleka bungeni. Hata misimbo ipo tayari: katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, Z53.1 ni tiba iliyoachwa kwa uamuzi wa mgonjwa kwa sababu ya imani au shinikizo la kundi lake, na Z59 ni shida za makazi na kipato.

Kinachouma ni muda. Tuseme zahanati inapokea wagonjwa 60 kwa siku, na maswali yanakula dakika tatu kwa kila mmoja: saa tatu za mganga zimekwenda. Utafiti wa nchi 67 uliotoka 2017 ulikuta wastani wa daktari kukaa na mgonjwa ni sekunde 48 Bangladesh na dakika 22.5 Uswidi. Anayetaka maswali haya yaulizwe kwenye chumba cha daktari anahesabu kwa saa ya Uswidi.

Mimi ningeyapeleka kitongojini. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, wawili kila kitongoji na mtaa, kwa takriban shilingi bilioni 899 ndani ya miaka mitano. Gawanya: kila mhudumu ana watu kama 450, na anagharimu shilingi milioni 1.3 kwa mwaka. Dakika tano kwa kila mtu ni saa 37 na nusu, wiki moja ya kazi, shilingi 25,000 hivi. Kwa kichwa ni shilingi 56.

Tatizo ni kwamba mhudumu huyo ni jirani. Atakayeandika kwamba mke anaficha vidonge asivione mumewe huenda ni shemeji yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na imani kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo jirani aulize umbali, msimu wa shamba na nani wa kumsindikiza mgonjwa. Ya imani, ndoa na siri za vidonge yabaki kwa mganga, mlango ukiwa umefungwa, hata kama yatachukua dakika zake.