Mwanafunzi, Kituo na Kura (Sehemu ya Pili)

Mwitikio wa wapiga kura, yaani sehemu ya walioandikishwa ambayo hufika kituoni siku ya uchaguzi, umekuwa ukipanda na kushuka nchini Tanzania: ulikuwa takriban asilimia 72 mwaka 2005, ukaporomoka hadi asilimia 43 hivi mwaka 2010, ukapanda hadi asilimia 67 mwaka 2015, kisha ukashuka hadi karibu asilimia 51 mwaka 2020. Lawama ya mporomoko wa namna hiyo aghalabu huwaangukia wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao husemwa kuwa wameikinai siasa. Lawama hiyo ni nyepesi mno, kwa kuwa inachanganya kutojali, ambako ni hali ya moyo, na kukosa kupiga kura, ambako mara nyingi huzaliwa na utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu: jina la mpiga kura huingizwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura na kufungamanishwa na kituo kimoja, naye akihama hana budi kuhamisha taarifa zake wakati daftari linapoboreshwa. Mkulima wa Magu haoni tabu hapo, ingawa mvuvi wa Ukerewe anayehama kambi kufuata dagaa huionja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopo Malimbe wilayani Nyamagana, mkoani Mwanza, ana makazi mawili mwaka mzima: chumba cha kupanga karibu na chuo, na nyumba ya wazazi ambayo huenda iko Bukoba, Musoma, au Nansio ng'ambo ya maji, ambako hufikiwa kwa saa kadhaa za meli. Mwaka 2010 wanafunzi wengi nchini walikuwa wamejiandikisha vyuoni, kisha ufunguzi wa vyuo ukaahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa Oktoba 31, hivyo siku ya kura ikawakuta makwao, mbali na vituo vyao. Mwaka huo huo Ezekia Wenje wa chama cha upinzani cha CHADEMA alimshinda Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, katika jimbo hilo hilo la Nyamagana; kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba kura za mjini Mwanza zilikuwa hazina uzito. Miaka kumi na minne baadaye, uboreshaji wa daftari ulifika mkoani Mwanza mwezi Agosti 2024, wakati wanafunzi wengi walikuwa likizo ndefu.

Hata hivyo, utaratibu haumalizi maelezo yote, kwani hofu nayo ina nafasi yake. Februari 16, 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala jijini Dar es Salaam, wakati polisi wakiwatawanya waandamanaji ambao yeye hakuwa miongoni mwao, na wazazi wengi waliosomesha watoto kwa kuuza ng'ombe au pamba walijifunza kutokana na msiba huo kuwaasa watoto wao wakae mbali na siasa.

Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao CHADEMA haikuruhusiwa kushiriki, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza mwitikio wa asilimia 87. Siku hiyo hiyo vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, intaneti ikazimwa, na watu wakapoteza maisha. Vijana walioonekana barabarani siku hiyo hawawezi kuitwa wasiojali. Ni watu walioacha kuamini kwamba sanduku la kura litawasikiliza, na hali hiyo ni ya hatari zaidi kuliko uvivu.

Imani ya namna hiyo hairudi kwa mahubiri ya uzalendo; huanza kurudi utaratibu wenyewe unaporekebishwa. Katika kura ya rais nchi nzima huhesabiwa kuwa jimbo moja la uchaguzi, kwa hiyo sababu ya kumzuia mwanafunzi wa Malimbe kumpigia rais kura akiwa Nansio ni ya kiutawala zaidi kuliko ya kimsingi. Kura ya mbunge na ya diwani, ambazo zimefungwa na mipaka ya jimbo na ya kata, ni suala gumu zaidi, nalo litachambuliwa katika sehemu ya tatu.