Virusi Vimefubazwa, Madoa Yamebaki

Tanzania ilianza kugawa dawa za kufubaza makali ya VVU bila malipo mwaka 2004. Aliyezianza wakati huo akiwa na miaka 40, leo amevuka 60. Huko Olasiti, magharibi ya jiji la Arusha, huwezi kumtofautisha na jirani yake: anafungua duka asubuhi, anahudhuria kikao cha kikoba, anapanda daladala kwenda mjini kufuata mzigo. Kliniki anakwenda mara chache tu kwa mwaka, maana siku hizi aliye imara hupewa dawa za miezi mitatu au sita. Kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani. Kinachowasumbua baadhi ya watu wa rika lake ni kitu kingine: hesabu za chenji zinawachukua muda, swali linarudiwa mara mbili, jina la mtu wanayemfahamu linagoma kuja.

Je, ni uzee, ni dawa, au ni virusi? Sehemu ya jibu imo ndani ya ubongo, kwenye eneo ambalo kwa kawaida halizungumzwi.

Ukikata ubongo utaona rangi mbili. Tabaka la nje ni la kijivu, na humo ndimo zilimo seli zenyewe za neva. Chini yake kuna sehemu nyeupe, ambayo ni nyuzi zinazounganisha seli hizo. Weupe unatokana na mafuta yanayoitwa mielini, yaliyoviringishwa kuzunguka nyuzi hizo ili ujumbe upite kwa kasi. Watafiti wa Denmark walikadiria mwaka 2003 kwamba nyuzi hizo kwa mwanamume wa miaka 20, zikiungwa pamoja, zina urefu wa kilomita 176,000 hivi, na kwamba karibu nusu yake hupotea afikapo miaka 80, hata kama hana ugonjwa wowote. Mielini ikichubuka, ujumbe bado unafika, ila kwa kuchelewa, kama daladala kwenye barabara ya vumbi iliyochimbwa na mvua za masika. Ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi ni uzito wa kufikiri, si kusahau.

VVU haviingii kwenye seli za neva. Hujificha katika seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, ziitwazo mikroglia, na wala havikawii kufika huko: nchini Thailand viliwahi kukutwa kwenye maji ya uti wa mgongo siku nane tu baada ya maambukizi. Seli hizo zikishachokozwa hutoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo ndizo zinazoumiza mielini na mishipa midogo ya damu. Dawa huzima moto huo kwa kiasi kikubwa. Kilichokwisha kuungua hazikirudishi.

Hapo ndipo historia ya tiba yetu inapoingia. Miaka ya mwanzo, mgonjwa alisubiri seli za kinga za CD4 zishuke chini ya 200 ndipo aanzishiwe dawa, na wengi walifika kliniki wakiwa wamebebwa. Tangu 2016, anayekutwa na VVU huanza dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Kwa hiyo wazee wa leo na vijana wa leo, ingawa wanameza kidonge kilekile, hawana ubongo wenye historia moja.

Kwenye picha za MRI, majeraha hayo ya sehemu nyeupe huonekana kama madoa meupe yanayong'aa. Watafiti wa Amsterdam waliwapima wanaume ambao virusi vyao vilikuwa vimefubazwa kwa muda mrefu, wakakuta madoa mengi zaidi kuliko kwa wanaume wa umri wao wasio na VVU. Habari ya kutisha, lakini iendelee kusomwa. Mradi wa COBRA, wa London na Amsterdam, ulirudia picha baada ya miaka miwili na haukuona ubongo wa wenye VVU ukichakaa kwa kasi zaidi kuliko wa wenzao. Tofauti ilikuwapo tangu mwanzo, haikuwa ikipanuka. Hilo linafanana na kovu zaidi kuliko kidonda kibichi.

Huku kwetu ushahidi mwingi haujatokana na mashine za MRI, ambazo ni chache na ghali. Umetokana na madaktari wenye kalamu. Mwaka 1989 Dk. William Howlett na wenzake wa hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi kutoka Arusha, walichapisha maelezo ya matatizo ya ubongo na neva kwa wagonjwa wa VVU wa Kanda ya Kaskazini. Wakati huo hapakuwa na dawa. Mwaka 2016, katika hospitali ya Mawenzi mjini humohumo, walipimwa watu 253 wenye miaka 50 na kuendelea waliokuwa wakihudhuria kliniki ya VVU. Karibu nusu walikuwa na upungufu wa kiwango fulani katika kufikiri na kukumbuka, ingawa baadhi yao hawakuwa na shida yoyote katika shughuli za kila siku.

Takwimu hiyo inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Aliyeishia darasa la nne hupata alama ndogo kwenye vipimo vya karatasi hata akiwa na ubongo mzima.

Kuna kipimo kisichohitaji karatasi, kilichojaribiwa Kampala na Baltimore na kutangazwa mwaka 2005. Mhudumu anataja maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Kisha mgonjwa anagonga kidole gumba kwa kidole cha shahada haraka awezavyo kwa sekunde tano. Mara 15 ni alama zote. Halafu anaweka mkono mezani: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, tena na tena kwa sekunde kumi. Mwisho anaulizwa yale maneno manne. Akipata 10 au pungufu kati ya 12, achunguzwe zaidi. Dakika chache, bila umeme.

Na kabla ya kuvilaumu VVU, ipimwe presha. Presha isiyotibiwa, kisukari na sigara huacha madoa yaleyale kwenye sehemu nyeupe, na hizo zina tiba. Sonona, pombe na kukosa usingizi navyo huleta uzito uleule. Efavirenzi, iliyokuwa ndani ya kidonge cha zamani, ilijulikana kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Tangu 2019 wengi wamehamishiwa kidonge chenye dolutegravir. Anayeacha dawa kwa kuhofia ubongo anavifungulia virusi mlango wa kuurudia.

Mabadiliko ya polepole yanaweza kusubiri tarehe ya kliniki, na ni vyema msaidizi wa matibabu, yaani ndugu au rafiki anayemsaidia mgonjwa, aende pia, maana mara nyingi yeye ndiye anayeyaona kwanza. Mdomo kupinda ghafla, mkono kulegea, degedege, au kichwa kuuma sana pamoja na homa si mambo ya kusubiri tarehe. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Mount Meru au iliyo karibu zaidi, na kadi yake ya kliniki isisahaulike nyumbani.