Plagi za Gari la Mkulima: Soma Namba Kwanza

Leo tunaliweka jembe kando kidogo tufungue boneti ya gari, maana barua iliyotufikia imetuvuta huko.

Mkulima mmoja wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni ametuandikia habari ya kusikitisha. Anayo pikapu ya zamani ya petroli, yenye kabureta na silinda nne. Gari hilo ndilo linalompelekea mazao yake Iringa mjini, na kila aliyepita njia ile anajua kwamba kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa ni lazima uupande mlima Kitonga. Msimu uliopita gari lilianza kumisi, kama mafundi wasemavyo. Fundi akatazama, akasema plagi zimekwisha. Zilizokuwamo ni za Bosch, zimeandikwa W7DC, na dukani hazikuwapo. Fundi akamwambia, "Mzee wangu, wewe unapanda mlima na mzigo, injini inachemka. Ngoja nikuwekee plagi baridi zaidi." Akachukua za NGK. Zinazolingana na zile za kwanza zina namba 6, lakini yeye akachagua zenye namba 4, akiamini kwamba namba ikishuka na joto linashuka.

Kijijini gari lilikwenda vizuri, tena likawa linawaka upesi kuliko zamani. Siku ya tisa, katikati ya Kitonga, magunia 10 mgongoni, injini ikaanza kugonga, ikaishiwa nguvu, ikazima. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu. Vitunguu vililala kando ya barabara siku mbili chini ya mvua, na vile vilivyopona akawauzia wapita njia kwa bei ya kutupa. Sasa anauliza: je, kosa ni lake, ni la fundi, au plagi zenyewe ni mbovu?

Ndugu yetu, pole sana. Plagi hazikuwa mbovu. Fundi naye alikuwa na nia njema, na hata wazo lake la plagi baridi kwa mzigo mzito lina msingi. Alichokosea ni kusoma namba, na kosa hilo lingeweza kumpata yeyote kati yetu. Hebu tulitazame.

Kazi ya plagi inajulikana: hewa na petroli vikishagandamizwa ndani ya silinda, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini. (Mwenye trekta au lori la dizeli hana plagi za namna hii. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa.) Lakini plagi ina kazi ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Ncha yake imo ndani ya moto wakati wote injini inapofanya kazi, na joto linaloipata hapana budi lipate njia ya kutoka, lipite kwenye kauri nyeupe, lifike kwenye chuma cha plagi, kisha kwenye silinda hedi na maji ya rejeta.

Ukiitazama plagi kwa chini utaona pua ya kauri inayozunguka ncha ya kati. Pua ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu ya kutoka, kwa hiyo ncha inabaki na joto jingi. Hiyo huitwa plagi moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi, nayo ni plagi baridi. Cheche ni ileile. Tofauti ni jinsi plagi inavyolitoa joto.

Kila injini inataka ncha ikae katikati ya mipaka miwili. Ikiwa chini ya nyuzi joto 450 hivi, masizi hayaungui, yanajikusanya juu ya kauri, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, na gari linamisi. Ikipita nyuzi 800 na kitu, ncha inakuwa nyekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijatoka. Hapo pistoni bado inapanda, na moto unaisukuma irudi chini. Ndiyo maana injini inagonga. Ukiendelea kukanyaga mafuta katika hali hiyo, pistoni inayeyuka kidogo kidogo mpaka inatoboka.

Sasa rudi Kitonga. Kwa watengenezaji wa Ulaya na Marekani kama Bosch na Champion, namba ikipanda plagi ni moto zaidi, namba ikishuka ni baridi zaidi. Kwa Wajapani, yaani NGK na Denso, ni kinyume chake: namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Fundi alichukua kanuni ya Bosch akaitumia juu ya NGK. Alitaka baridi, akaweka moto, tena kwa hatua mbili. Kijijini, kwa mwendo mdogo na safari fupi, plagi moto hukaa safi, kwa hiyo gari lilionekana limepona. Mlimani, gia ya pili, mzigo mzito, hakukuwa na njia ya joto lile kutoka.

Basi tujifunze kusoma namba, maana si ngumu. Chukua plagi ya BPR6ES, ambayo wengi mnayo nyumbani bila kujua, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye pampu za kumwagilia zenye injini ya Honda GX160. Katika namba hii, B inaeleza unene wa sehemu yenye nyuzi za hesi, milimita 14. P inaonyesha kwamba pua imetokeza nje kidogo. R maana yake ndani kuna kizuizi kinachopunguza mkwaruzo wa umeme. 6 ndiyo namba ya joto. E ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 19. S ni aina ya ncha ya kawaida, yenye kiini cha shaba. Plagi nyingine huwa na namba ya mwisho baada ya kistari, kwa mfano 11, nayo inaeleza nafasi ya cheche ya milimita 1.1.

Hiyo R nayo isidharauliwe. Ukisikia redio ya gari inakwaruza, na mkwaruzo unapanda kila unapokanyaga mafuta, tazama kama plagi zako zina R. Hapo hata kipindi chetu hukisikii. Na kwa magari ya siku hizi yenye kompyuta, R ni ya lazima, kwa kuwa mkwaruzo huohuo huweza kuivuruga kompyuta.

Urefu wa nyuzi ni jambo la hatari. Zipo plagi za milimita 12.7 na zipo za 19, na zote zinaweza kuwa na unene uleule wa 14, kwa hiyo zote zitaingia. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, pistoni ikipanda huweza kuigonga. Fupi ikiingia mahali pa ndefu, cheche inajificha ndani ya tundu, injini haivuti, na nyuzi zilizobaki wazi zinajaa masizi mpaka siku utakapoweka plagi ya sawasawa, itakataa kuingia. Ziweke ya zamani na mpya sambamba kiganjani, uzilinganishe kwa macho, kabla hujatoa fedha.

Namba sahihi utaipata wapi? Katika kitabu cha gari, au kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti kwa baadhi ya magari. Plagi uliyoikuta ndani si ushahidi, maana huenda aliyekuuzia naye alibahatisha. Kama umepata ya mtengenezaji mwingine, mwenye duka akuonyeshe jedwali la ulinganisho. W7DC ya Bosch, kwa mfano, inalingana na BP6ES ya NGK, na N9YC ya Champion. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu, Mzee," nenda duka la pili.

Wengi wanauliza juu ya plagi za bei kubwa, zile za platinamu na iridiamu. Madini hayo ni magumu na hayaliki upesi, kwa hiyo ncha hutengenezwa nyembamba sana na plagi hudumu muda mrefu. Za kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000 hivi, na hizi zinaweza kufika kilomita 100,000 katika gari lililotengenezwa kwa ajili yake. Haziongezi nguvu za farasi. Kama gari lako dogo la kisasa lilitoka kiwandani na iridiamu, rudishia iridiamu. Kama ni pikapu ya kabureta inayokula mafuta yenye mashaka na vumbi la shambani, mimi ningenunua za kawaida, nikazibadilisha kwa wakati, na fedha iliyobaki nikanunua chujio la hewa.

Jihadhari na bandia pia. Maandishi kwenye kauri yawe safi, yasifutike kwa kidole, na ncha ya kati ikae katikati kabisa. Ile ringi ndogo iliyo juu ya nyuzi isitoke kirahisi ukiizungusha.

Lakini kabla ya kununua chochote, toa plagi za zamani uzisome. Zipange kwa mfuatano wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu kama chungu cha kupikia ni petroli nyingi kuliko hewa: chujio limeziba, choki imekwama, au kabureta inamwaga. Wengine wananunua petroli ya chupa iliyochanganywa mafuta ya taa, nayo huacha masizi hayohayo, tena huifanya injini igonge. Nyeusi yenye majimaji ya oili ni ringi au vali zimechoka, na hapo plagi mpya itakusaidia wiki moja tu. Nyeupe kabisa, yenye vidonge vidogo vilivyoyeyuka, ni joto limezidi: ama plagi ni moto mno, ama taimingi imetangulia, ama maji ya rejeta yamepungua. Na ikiwa tatu ni kahawia na moja tu ni tofauti, usilaumu aina ya plagi. Tafuta ugonjwa wa silinda ile, au waya wake.

Huyu ndugu yetu anaandika kwamba plagi zake za kwanza zilikuwa nyeusi kavu. Basi namba ya joto haikuwa tatizo tangu mwanzo. Inaelekea kusafisha chujio kungetosha.

Katika kufunga, injini iwe imepoa. Pulizia vumbi kando ya plagi kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuilegeza, la sivyo mchanga utaanguka ndani ya silinda. Toa waya mmoja mmoja usije ukachanganya. Pima nafasi ya cheche: magari ya zamani yenye pointi hutaka milimita 0.7 au 0.8, ya kisasa mengi hutaka 1.0 au 1.1. Ukirekebisha, pinda mguu wa pembeni tu, ncha ya kati usiiguse. Za iridiamu usizisugue kwa brashi ya waya. Kisha ingiza plagi kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana. Plagi mpya yenye ringi huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Silinda hedi nyingi ni za alumini, na nyuzi zake zikikatika kazi inakuwa ya kiwanda.

Swali lake la mwisho lilikuwa hili: plagi moja ikimfia njiani, je, aweza kutumia ile ya pampu yake? Kwa gari linalotaka BP6ES, BPR6ES ya pampu ina unene uleule, urefu uleule na joto lilelile, tofauti ni R peke yake. Aipime nafasi ilingane na tatu zilizobaki, aifunge, itamfikisha Iringa. Na akifika, anunue nyingine, kwa sababu kesho asubuhi vitunguu vilivyoko shambani vitaitaka pampu.