Misuli au sanaa? Hivi ndivyo dhahabu inavyopatikana kwa wanaoteleza wawili wawili kwenye barafu

Pointi 0.43 tu.

Ndizo zilizotenganisha dhahabu na fedha katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Aljona Savchenko na Bruno Massot wa Ujerumani walipata 235.90. Sui Wenjing na Han Cong wa China wakapata 235.47.

Ukitazama mchezo huu, swali linakuja lenyewe: hawa watu wanapewa alama kwa nguvu zao au kwa uzuri wa onyesho lao?

Jibu fupi ni vyote viwili. Tatizo ni kwamba kimoja kinahesabika kirahisi, kingine hakihesabiki.

Nguvu iko wapi?

Wanaoteleza ni mwanamume na mwanamke. Mwanamume anamnyanyua mwenzake juu ya kichwa, wakati mwingine kwa mkono mmoja, huku mwenyewe akizunguka na kusonga mbele.

Kisha kuna kurusha. Mwanamke anarushwa, anazunguka mara tatu hewani na kutua kwa mguu mmoja juu ya chuma chembamba. Katika mrusho mwingine anatupwa juu, anajizungusha, halafu anadakwa kiunoni kabla hajagusa barafu.

Hakuna wavu wala kofia ngumu. Akikosea mmoja, anayeumia mara nyingi ni mwingine.

Na sanaa je?

Sanaa ni kufanya hayo yote bila mtazamaji kuona jasho. Wawili wapumue pamoja, wafuate muziki, na mruko uje pale wimbo unapouhitaji.

Mivutano hii si ya leo. Ludmila Belousova na Oleg Protopopov wa Umoja wa Kisovieti walichukua dhahabu mwaka 1964 na 1968 kwa mtindo wa taratibu, kama ballet. Halafu akaja Irina Rodnina na kasi yake na miruko migumu. Mwaka 1969, akiwa na Alexei Ulanov, akawa bingwa wa dunia na kuwaacha wakongwe hao nyuma. Rodnina alishinda Olimpiki tatu mfululizo: 1972, 1976 na 1980.

Usiku uliobadilisha kila kitu

Salt Lake City, Marekani, Februari 2002. Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wa Urusi wanateleza kwa ustadi mkubwa, lakini Sikharulidze anayumba akitua kwenye mruko mmoja. Jamie Salé na David Pelletier wa Canada wanamaliza bila kosa la wazi. Ukumbi unalipuka kwa shangwe.

Majaji tisa wanagawanyika, 5 kwa 4. Dhahabu inakwenda Urusi.

Waliotetea uamuzi huo walisema onyesho la Warusi lilikuwa na kina zaidi. Wengine wakauliza: kwani kosa halina gharama? Kisha ikaibuka kashfa: jaji wa Ufaransa alidai alishinikizwa awape kura Warusi, kauli aliyoikana baadaye. Mwishowe Wakanada nao wakapewa dhahabu.

Hesabu ya sasa

Baada ya kashfa hiyo, mfumo wa zamani wa alama zisizozidi 6.0 uliwekwa kando. Sasa kuna mafungu mawili.

La kwanza ni la ufundi. Kila mruko, mrusho na mnyanyuo una thamani yake ya msingi. Majaji wanaongeza au kupunguza, kuanzia -5 hadi +5, kulingana na ulivyofanyika. Kuanguka kunakatwa pointi tena.

La pili ndilo la sanaa. Tangu msimu wa 2022/23 linapima vitu vitatu, kila kimoja kwa alama hadi 10: muundo wa onyesho, uwasilishaji, na ustadi wa kuteleza.

Hapo ndipo ubishi unapobaki. Mizunguko mitatu hewani unaweza kuihesabu kwenye video. Lakini nani anapima hisia?

Rudi Pyeongchang

Baada ya onyesho fupi, Savchenko na Massot walikuwa wa nne, pointi 5.80 nyuma ya Wachina, kwa sababu Massot alipunguza mzunguko mmoja kwenye mruko. Siku iliyofuata wakateleza onyesho refu ambalo wengi wanalitaja kati ya bora kuwahi kuonekana, na kupata 159.31, rekodi ya dunia wakati huo. Wachina wakafanya makosa kwenye miruko yao.

Miaka minne baadaye, Beijing, Sui na Han nao walipata dhahabu yao kwa tofauti ya pointi 0.63.

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na mchezo huu, usihesabu mizunguko tu. Angalia kinachotokea kati ya mruko na mruko: je, bado wanacheza na muziki, au wanajiandaa tu kwa mruko unaofuata? Tofauti zinapokuwa ndogo namna hii, dhahabu inaweza kuamuliwa hapo.