Themostati: Kifaa Kinachotupwa Bila Kosa

Gari likichemsha njiani, kwenye gereji nyingi za Afrika Mashariki tiba ya kwanza ni ileile: fundi anafungua mpira wa rejeta, anatoa themostati, anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anafunga. Mwenye gari anaambiwa kifaa kile kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani na Ulaya, huku kwetu hakina kazi. Gari linakaa siku kadhaa bila kuchemsha, na pande zote mbili zinaridhika. Je, wajua kwamba kwenye injini nyingi kuitoa themostati ndiko kunakoweza kulifanya gari lichemshe, tena pale unapolihitaji zaidi, likiwa limebeba mzigo na linapanda mlima kama wa Kitonga au Mai Mahiu?

Ukiishika mkononi, themostati ni kisahani cha chuma kinachoenea kiganjani, kina springi na kikombe kidogo cha shaba katikati. Ndani ya kikombe mna nta iliyochanganywa na unga wa shaba ili joto lisambae upesi, na ndani ya nta kumechomekwa kijiti cha chuma kilichovikwa mpira. Nta ikiyeyuka inatanuka. Kijiti hakina pa kwenda, kwa hiyo kikombe ndicho kinachosukumwa kushuka, kikivuta vali na kuacha maji yapite. Maji yakipoa nta inaganda, springi inarudisha vali mahali pake. Hakuna waya wala umeme, na kazi hiyo hufanyika maelfu ya mara. Aliyebuni kiini hicho cha nta ni Sergius Vernet, nchini Marekani, miaka ya 1930, na hadi leo magari mengi barabarani yanategemea wazo lake. Tazama ubavuni mwa kifaa utaona tarakimu zimegongwa, mara nyingi 82 au 88: hizo ni nyuzi za Selsiasi ambapo vali huanza kufunguka.

Hoja ya nchi ya joto inavutia mpaka uiangalie kwa hesabu. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000, na karibu thuluthi ya nguvu iliyomo kwenye mafuta huishia kwenye maji ya kupozea. Injini imeundwa ifanye kazi maji hayo yakiwa kati ya nyuzi 85 na 95 hivi, iwe Sapporo kwenye theluji au Dar es Salaam mwezi Februari. Hewa ya nyuzi 32 inayotutoa jasho sisi, kwa injini ni baridi. Na si kila mahali petu ni Dar: kwenye nyanda za juu za Kitulo, alfajiri za Juni na Julai, nyasi huamka zimefunikwa na barafu.

Maji ndani ya injini yana njia mbili. Ipo njia fupi inayozunguka humohumo ndani, na ipo njia ndefu inayopita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga ile ndefu ili joto lipande haraka. Ikishapata moto, hufungua ile ndefu, na kwenye injini nyingi kisahani cha pili kilichoko upande wa chini wa themostati huziba ile fupi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji hurudi injini bila kuiona rejeta kabisa. Kwenye tambarare hutagundua. Mlimani, AC ikiwa imewashwa na viti vimejaa, injini inahitaji kila lita ipite kwenye rejeta, nayo haipati.

Hasara nyingine huja kimyakimya. Kompyuta ya injini husoma joto la maji. Ikiona bado ni baridi, kama inavyotokea themostati isipokuwapo, inaongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Kwa mtu wa safari fupi za mjini, hali hiyo yaweza kuwa ya siku nzima. Gari linakunywa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na unyevu uliopaswa kukaushwa na joto unabaki kwenye oili na kuifanya tope. Ukipeleka gari kwenye mashine ya kupimia ikakuonyesha P0128, maana yake ni kwamba maji hayafiki joto linalotakiwa. Hapo uliza kwanza kama themostati ipo.

Lakini huna haja ya mashine ili kuanza. Magari madogo kama Vitz na Passo hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Taa ya buluu ikichelewa sana kuzimika, au ikirudi kuwaka unapoteremka mlima mrefu, themostati imetolewa au imekwama wazi. Kwa magari mengine, washa injini iliyolala usiku kucha na uguse mpira wa chini wa rejeta kila baada ya dakika moja au mbili, ukiweka mkono mbali na feni, kwa sababu feni ya umeme huweza kuanza bila taarifa. Mpira ukikaa baridi kwa dakika kadhaa kisha ukapata moto ghafla, themostati inafanya kazi. Ukipata uvuguvugu tangu mwanzo, polepole pamoja na injini, njia iko wazi. Na injini ikiwa ya moto kabisa huku mpira huo bado ni baridi, maji hayazunguki: themostati imekwama imefungwa, au pampu ya maji imekufa, au rejeta imeziba.

Themostati ikishatolewa, ipime badala ya kubishana. Chukua sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, kwa kuwa kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, ni sumu. Ining'inize themostati kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Vali ianze kuachia karibu na tarakimu zilizogongwa, na kabla maji hayajachemka iwe imefunguka vizuri. Hata Nairobi, ambako maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 95, jaribio hili linatosha. Isipofunguka, au ikifunguka kwa kukwama, nunua nyingine yenye nyuzi zilezile.

Ikipita mtihani, basi ugonjwa uko kwingine, na wakati ambao gari linachemsha hueleza mengi. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tazama feni, fyuzi yake na relei yake. Linalochemsha kwenye mwendo kasi na milimani lakini hutulia kwenye foleni, shuku rejeta iliyoziba. Maji ya kisima yenye chumvi, yanayomiminwa kwenye rejeta nyingi za pwani, huacha ukoko ndani ya vijibomba na kula aluminiamu. Ndiyo maana kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, iliyochanganywa na maji safi yaliyochujwa madini, si anasa. Usisahau kofia ya rejeta. Ile iliyoandikwa 1.1 hubana maji mpaka yasichemke kabla ya karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, maji huchemka mapema na kumwagika, na watu hulaumu injini kwa kosa la kofia. Kamwe usiifungue kofia hiyo wakati injini ni ya moto: maji hayo yaliyobanwa hugeuka mvuke mara moja na kuunguza uso.

Ukiona moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi na oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo zima gari, ita la kukuvuta. Kuendelea kuliendesha ni kuipinda hedi ya aluminiamu, na bei yake haikaribiani kabisa na ya themostati.

Wakati wa kufunga mpya, angalia kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake. Kwenye injini nyingi hukaa upande wa juu, maana kazi yake ni kupitisha hewa. Kikiangalia chini, hewa inanaswa na gari linachemsha likiwa na kifaa kipya. Weka mpira mpya wa kuzibia. Jaza kulanti polepole, washa injini kabla haijapata moto na kofia ikiwa wazi, hita ya ndani ikiwa kwenye joto la juu, uache mapovu yatoke. Funga kofia kabla maji hayajaanza kupanda, kisha subiri mpaka feni iwake na kuzimika yenyewe. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, fungua utazame kina: mara nyingi patakuwa pa kuongeza kidogo, kwa kuwa hewa iliyobaki imeshatoka.