Likizo Penye Theluji: Safari ya Marangu

Kariakoo, si mbali na shule yetu, wauza mitumba hutundika makoti mazito sana yenye kofia za manyoya, na mpita njia anayetokwa jasho hujiuliza ni nani hapa Dar es Salaam atakayeyavaa. Baadhi ya makoti hayo yalishonwa kwa ajili ya mchezo ambao sisi twauona katika sinema tu, nao ni kuteleza juu ya theluji. Watu wengi wa Uswisi, Austria na Ufaransa hupanga likizo yao ya majira ya baridi katika vijiji vidogo vya milimani. Huko mtu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba na ndefu, akashika fimbo mbili mikononi, kisha akajiachia kutoka juu ya mlima mpaka bondeni.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza darasani: ikiwa Kilimanjaro nako kuna theluji, mbona sisi hatuna likizo ya namna hiyo? Wenzake walicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekwa. Jibu lake laweza kutusaidia kupanga safari ambayo kweli twaimudu.

Kwanza yafaa kujua theluji imefikaje karibu na mstari wa ikweta. Hewa hupoa kiasi cha digrii 6 kila tupandapo mita 1,000. Hapa pwani wastani wa joto la mwaka ni kama digrii 26, na kilele cha Uhuru kimesimama mita 5,895 juu ya bahari. Piga hesabu, nawe utapata kama digrii 9 chini ya sifuri. Vipimo vilivyochukuliwa karibu na kilele vimeonyesha wastani wa digrii 7 hivi chini ya sifuri, basi hesabu ya daftari haikukosa sana. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule tarehe 11 Mei 1848, mwongozi wake aliuita baridi tu, na hilo lilikuwa jina la haki kabisa. Mabingwa wa jiografia waliokaa Ulaya ndio waliobisha kwa miaka mingi, ingawa hawakuwahi kuuona mlima wenyewe.

Tena, mchezo huo umewahi kuchezwa Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao zao, wakateleza nazo wakati wa kushuka. Barafu moja ya kileleni ilipewa jina la Furtwängler.

Lakini asije mtu akaenda leo kununua mbao. Kati ya mwaka 1912 na 2007, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100. Iliyobaki imesimama kama kuta, si mteremko wa kuteleza. Chini yake ni mawe na changarawe iliyotokana na moto wa zamani wa volkano. Theluji mpya huanguka, naam, na pengine mlima huamka mweupe kama umepakwa chokaa, lakini jua la ikweta ni kali, na sehemu kubwa ya theluji hiyo hugeuka mvuke bila hata kuwa maji kwanza. Mchezo wa mbao wataka theluji nene inayolala miezi. Hiyo sisi hatuna, na barafu tuliyo nayo yazidi kupungua. Kwa sababu hiyo nawashauri wazazi wasiiahirishe safari hii mwaka hadi mwaka. Mtoto na aone weupe wa Kibo kwa macho yake, angali upo.

Kijiji ninachokipendekeza ni Marangu, upande wa kusini mashariki wa mlima. Hapo ndipo alipotoka Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kuwa mwongozi wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Ni mahali patulivu. Nyumba zimejificha ndani ya migomba na mibuni, na maji hupita katika mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani. Asubuhi sauti unayoisikia ni ya maji na majogoo. Kwa sisi tuliozoea honi za magari ya Kariakoo, usiku wa kwanza kimya hicho chaweza hata kukunyima usingizi.

Sasa mipango. Likizo zetu kubwa ni ya Juni na ya Desemba. Desemba ina furaha yake, lakini Wachaga wa kila mji wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yanajaa, na asiyekata tiketi mapema anabaki kituoni na mizigo yake. Nionavyo mimi, mwisho wa Juni wafaa zaidi, kwa kuwa masika yamekwisha, ijapokuwa baridi ya kijijini wakati huo ni ya kweli.

Basi huondoka kituo cha Mbezi, likapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Mwenye kwenda Marangu hana haja ya kufika Moshi. Ashuke Himo, kisha apande gari dogo la kwenda juu. Safari humaliza mchana mzima, kwa hiyo yafaa kuondoka alfajiri.

Katika kuhesabu fedha, wengi hukumbuka nauli na chakula tu. Kiingilio cha hifadhi na ujira wa mwongozi husahauliwa mpaka mtu yuko langoni. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, lakini lazima aonyeshe kitambulisho, basi wanafunzi wasiache vya kwao nyumbani.

Kupanda mpaka Uhuru ni kazi ya siku tano au sita na gharama kubwa, nayo haifai kwa safari ya darasa. Kule juu hewa ni kama nusu tu ya tuivutayo hapa Upanga, na mtu akipanda kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, na pengine huweza kufa. Dawa yake ya hakika ni kushuka, wala si kujikaza kiume. Sisi yatutosha kwenda kwa siku moja mpaka Mandara, mita 2,720, na kurudi. Njia hupita msituni, penye mbega na miti iliyovaa kuvu, na ukizidi robo saa hivi mbele ya Mandara utafika kreta ya Maundi, ambapo siku ya uwazi Kibo na Mawenzi huonekana pamoja.

Na hapa ndipo koti la Kariakoo linapopata mwenyewe. Usitazame rangi. Jaribu zipu mara tatu, angalia mishono ya mabegani, kisha mwagia maji kidogo uone kama yanapenya. Ndani vaa nguo mbili au tatu nyepesi, upate kupunguza ukianza kutoka jasho. Viatu viwe vimekwisha kuzoea mguu. Katika safari moja kijana wetu alikuja na viatu vipya vya kupendeza, akashuka amevishika mkononi.

Jambo moja zaidi kwa wageni wa kijijini. Kihamba ni shamba la ukoo, na ndimo wazee wao walimozikwa. Usikatize ndani yake kama uwanja wa mpira. Amkia, omba njia, na ukikaribishwa mtori, kula.

Mlima wenyewe nao una saa zake. Amka kabla jua halijachomoza, utoke nje na koti lako. Kibo kitakuwa wazi, kwanza cha kijivu, halafu cha waridi, halafu cheupe kabisa. Kufika saa tatu mara nyingi mawingu yamekwisha kukifunika, na aliyelala hana budi kungoja mpaka jioni, kama kitafunguka.