Jicho la pili kwenye picha ya kifua

Mwaka 2013 watafiti watatu nchini Marekani, Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, walichapisha matokeo ya jaribio moja la kushangaza. Walichukua picha za CT scan za mapafu, wakapachika humo umbo la gorila, kisha wakawapa madaktari bingwa wa radiolojia 24 kazi waliyoizoea ya kutafuta vivimbe vinavyoweza kuwa saratani. Gorila huyo alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha wastani, lakini madaktari 20 hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kuwa wengi wa waliomkosa walikuwa wameangalia palepale alipo. Uzembe haukuwapo, na ujuzi haukupungua. Macho yao yalikuwa yametumwa kutafuta kitu kingine, na hivyo ndivyo umakini wa binadamu unavyofanya kazi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye dalili yake ilikuwa wazi kwenye picha na bado ikapitwa hapaswi kuelezwa tu kwamba daktari alikuwa mvivu au alichoka.

Hapo ndipo ninapoona nafasi halisi ya akili mnemba. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema tuache kusomesha wataalamu wa radiolojia kwa sababu ndani ya miaka mitano mashine zingewapita. Miaka hiyo imepita na hospitali bado zinawatafuta. Ubishi wa nani bingwa kati ya mashine na daktari haumsaidii mgonjwa. Linalomhusu ni kama mashine hukosea mahali palepale anapokosea daktari. Makosa yao yakiwa tofauti, wawili hao wakisoma picha moja watapitwa na machache kuliko kila mmoja akiwa peke yake.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Sweden, kwenye utafiti wa MASAI ulioanza mwaka 2021 na kuhusisha wanawake zaidi ya 100,000 waliopimwa saratani ya matiti. Kwa kawaida huko kila picha husomwa na madaktari wawili. Katika kundi la majaribio, programu ilikadiria kwanza kiwango cha hatari: picha za hatari ndogo zikasomwa na daktari mmoja, za hatari kubwa na wawili, huku sehemu zenye shaka zikiwekewa alama. Saratani zilizogunduliwa zilikuwa 6.4 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5.0 kwa utaratibu wa zamani, na kazi ya kusoma picha ikapungua kwa takriban asilimia 44. Wapo wanaohoji, na wana haki, kwamba huenda ziada hiyo ni vivimbe ambavyo visingemdhuru mtu maisha yake yote. Kinachonipa imani ni kwamba saratani zilizojitokeza katikati ya kipimo kimoja na kingine hazikuongezeka: zilikuwa 1.55 kwa 1,000 dhidi ya 1.76. Hilo halimalizi hoja yote, lakini linaonyesha kuwa kupunguza mzigo wa madaktari hakukuwaacha wanawake bila ulinzi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linamhusu daktari mwenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani waliwapa madaktari 27 picha 50 za matiti pamoja na maoni waliyoambiwa yametoka kwa akili mnemba, mengine yakiwa yamepotoshwa makusudi. Mashine ilipopotosha, madaktari wasio na uzoefu walishuka kutoka usahihi wa asilimia 80 hivi hadi 20, na wazoefu wakashuka kutoka 82 hadi karibu 45. Maana yake ni kwamba macho mawili yanaweza kugeuka kuwa jicho moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba daktari asome kwanza, aandike alichoona, kisha ndipo afungue jibu la programu. Utaratibu wa Sweden haukuwa huo, najua, lakini huko wasomaji ni wazoefu na picha za hatari kubwa hupita kwa watu wawili. Hospitali yenye daktari mmoja kijana haina kinga hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa eksirei nyingi za kifua hazipati hata bingwa mmoja wa kuzisoma kwa wakati. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu zisome picha hizo katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu hutoa alama, tuseme 0 hadi 100, na anayevuka kiwango kilichowekwa hupelekwa kupima makohozi. Kiwango kikiwa chini, maabara inaelemewa. Kikiwa juu, wagonjwa wanarudishwa nyumbani na vimelea vyao. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona hubaki na makovu yanayoweza kuidanganya mashine. Isitoshe, programu iliyofundishwa kifua kikuu pekee itaupita moyo uliopanuka, kama madaktari wale walivyompita gorila.

Kuna jambo jingine la kutilia maanani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha programu ya kutambua nimonia ikijifunza kutofautisha hospitali iliyopiga picha, badala ya kutegemea ugonjwa tu. Mwaka 2022 Judy Gichoya, mtaalamu wa radiolojia kutoka Kenya anayefanya kazi Marekani, na wenzake walionyesha kuwa mashine hutambua rangi ya mgonjwa kwenye eksirei, jambo ambalo wataalamu hawawezi kulifanya kwa macho. Basi takwimu za Sweden au nchi nyingine hazitoshi kuidhinisha programu Dodoma au Kisumu. Hospitali inayoletewa programu iijaribu kwanza kwa picha za wagonjwa wake ambao makohozi yao yameshapimwa, ipange kiwango chake yenyewe, na kila baada ya miezi michache ifungue upya mafaili ya walioambiwa hawana kitu kisha wakarudi bado wanakohoa.